Massey 135, Massey 290 au Ford 6600: trekta lipi kuukuu la kuvunjia pori?

Pori lililoachwa miaka sita au saba halifanani tena na shamba. Nyasi zimepita kichwa cha mtu, visiki vya zamani vimechipua upya na kuwa vichaka, migunga imejaa miiba, na chini ya majani kuna kichuguu usichokiona mpaka tairi la mbele likipande. Mwenye ekari 10, 20 au 50 za namna hii, Handeni, Kilosa au Kiteto, akishapiga hesabu ya vibarua wa mapanga hufikia wazo moja: atafute trekta kuukuu, alisafishie shamba lake, kisha liendelee kumlimia.

Wazo si baya. Shida ni kwamba matrekta yanayofaa shamba lililokwishalainika si lazima yafae pori. Tunalinganisha hapa matatu ambayo mnunuzi hukutana nayo mara kwa mara: Massey Ferguson 135, Massey Ferguson 290 na Ford 6600. Yote ni ya zamani, yote yana wapenzi wake, na yote yanaweza kukufilisi ukinunua kwa kuangalia rangi.

Kwanza, trekta si katapila

Kabla ya kulinganisha lolote, zunguka shamba lako kwa miguu ukiwa na panga na kamba. Nyasi, vichaka na mashina yasiyozidi unene wa kifundo cha mkono ni kazi ya trekta. Visiki vyenye unene wa paja vinawezekana, lakini baada ya kuchimba kuzunguka na kukata mizizi ya pembeni kwa shoka. Miti mikubwa zaidi ya hapo, na vichuguu vigumu vilivyoota miti, ni kazi ya katapila la kukodi kwa saa. Siku mbili za katapila zinaweza kuokoa gia boksi la trekta. Na kama ni miti ya asili, pita kwanza ofisi ya kijiji na kwa ofisa misitu wa wilaya. Kukata bila kibali kunaleta faini, na mzigo wa mkaa au mbao unaweza kukamatwa njiani.

Vigezo tulivyotumia

Uzito umetangulia nguvu ya injini, kwa makusudi. Kwenye pori trekta hushindwa kwa tairi kuzunguka bure kabla injini haijachoka. Kinachofuata ni hali ya injini na namna inavyokufa, kisha sehemu ya nyuma: klachi, haidroliki, yaani mfumo wa oili unaonyanyua plau, na pitio, yaani shafti inayozungusha slasha, ile mashine ya kufyekea inayofungwa nyuma ya trekta. Baada ya hapo breki, spea na mafundi, na dizeli. Bei hatukuiweka kama kigezo cha pekee kwa sababu inabadilika kila msimu, ila kanuni moja inashika kwa yote matatu: usitumie fedha zote kununulia mashine. Bakiza angalau theluthi kwa matengenezo ya mwanzo, tairi na vifaa. Trekta lisilo na plau la diski wala slasha halivunji pori.

Massey Ferguson 135

*Uzito na nguvu.* Lilianza kutengenezwa 1964, mengi yakitoka kiwanda cha Coventry, Uingereza. Injini ni Perkins ya silinda 3, lita 2.5, yenye nguvu za farasi 45 hivi, na zinazofika kwenye pitio ni 37 au 38. Uzito wake ni kama tani 1.5, na hapo ndipo penye mtihani. Linavuta plau la diski mbili na kuzungusha slasha ya futi 4 hadi 5, lakini kwenye udongo wa mfinyanzi wenye mizizi litakaa mahali pamoja huku tairi zikichimba. Dawa ni maji ndani ya tairi za nyuma. Tairi la 12.4-28 likijazwa robo tatu hubeba karibu lita 140, sawa na kilo 140 kila upande.

Udogo huo huo una faida yake. Linageuka mahali padogo, linapita kati ya miembe au minazi unayotaka kuibakiza, na likikwama kwenye shimo watu kumi na gogo la kuinulia wanalitoa.

*Injini.* Injini hii ina slivu, yaani mikebe ya chuma iliyopachikwa ndani ya bloku ambamo pistoni hutembea, kwa hiyo ikichoka unabadilisha slivu, pistoni na ringi, na bloku inarudi kazini. Ugonjwa wake wa kawaida ni sili ya nyuma ya kranki, shafti kuu ya injini. Ya asili ni ya kamba, na ikichakaa oili ya injini huingia kwenye nyumba ya klachi. Lala chini utazame tumbo la trekta pale injini inapokutana na gia boksi. Kuna tundu dogo, mara nyingi lina pini. Chovya kidole. Oili nyeusi inatoka kwenye injini. Oili yenye rangi ya asali inatoka kwenye gia boksi. Vyovyote iwavyo, kuirekebisha maana yake ni kupasua trekta katikati, kwa hiyo punguza bei kulingana na kazi hiyo. Tundu likiwa limezibwa kwa gundi au kipande cha mti, kuna mtu aliyetaka usione.

Pampu ya dizeli ni ya CAV, ya kuzunguka, na inalainishwa na dizeli yenyewe. Dizeli yenye maji kutoka kwenye pipa lililolala nje inaiua. Ukinunua 135, nunua pia chujio la kitambaa kwa ajili ya faneli, na ufungue bakuli la chujio la dizeli kila wiki kumwaga maji.

*Klachi, haidroliki na pitio.* Mengi yana klachi ya hatua mbili: ukikanyaga nusu magurudumu yanasimama na pitio linaendelea kuzunguka, ukikanyaga hadi chini vyote vinasimama. Kwenye slasha hatua hii ndiyo uhai wako, kwa sababu unapokutana na kichaka kizito unataka kusimamisha mwendo bila kusimamisha visu. Pampu ya haidroliki imo ndani ya oili ya gia boksi na inaendeshwa na shafti ya pitio. Ukikanyaga klachi hadi chini, mikono ya kunyanyulia haipandi tena. Oili ya gia boksi, difu na haidroliki ni moja, takriban lita 30. Ikiingia maji, vyote vinaugua pamoja.

Baadhi yana Multi-Power, kile kiswichi cha kubadilisha mwendo bila klachi. Ikiwa kwenye mwendo mdogo, injini haishiki trekta linaposhuka mlima. Linateleza kama gari lililo nyutro. Mwenye shamba la mteremko, milima ya Uluguru kwa mfano, alijue hilo kabla ya kuweka dereva mgeni.

*Breki.* Ni za ngoma. Sili ya hafu shafti ikivuja, oili huloanisha viatu vya breki. Jaribu kila pedali peke yake.

*Spea na dizeli.* Hapa hakuna ubishi, 135 liko mbele. Pakistani na India ziliendelea kutengeneza Massey za ukoo huu kwa miaka mingi, ndiyo maana sili, ringi, diski za klachi na pampu za maji zinapatikana hata kwenye maduka ya miji midogo, na fundi wa kijijini amezifungua mara nyingi. Dizeli kwa kazi ya wastani ni lita 4 hadi 6 kwa saa.

*Linamfaa nani.* Mwenye ekari 5 hadi 15 za nyasi na vichaka, visiki vichache, na fedha ambazo haziruhusu kosa kubwa.

Massey Ferguson 290

*Uzito na nguvu.* Hili lilitoka nusu ya pili ya miaka ya 1970 na kuendelea miaka ya 1980. Perkins ya silinda 4, lita 4.1, nguvu za farasi karibu 80, na uzito unaozidi tani 2.5 kabla ya kuongeza chochote. Tairi la 16.9-30 likijazwa robo tatu hubeba karibu lita 280 za maji. Linavuta plau la diski 3 kwenye ardhi iliyokuwa pori na slasha ya futi 6. Tofauti na 135 unaihisi mara plau linapogonga mzizi: 135 linasimama na kuzunguka tairi, 290 linaukata mzizi au linavunja boliti. Kwa hiyo boliti za akiba ziwe kwenye boksi la vifaa kila siku.

Yapo ya magurudumu manne yanayovuta. Kwenye matope ni neema. Kwenye visiki, kumbuka kuna shafti inayokwenda mbele ikipita chini ya tumbo, na kisiki kilichokatwa kwa mshazari kwa panga ni mkuki. Ukichukua la aina hii, hakikisha kinga ya shafti ipo na haijapondeka.

*Injini.* Nayo ina slivu na pampu ya CAV, kwa hiyo yote tuliyosema kuhusu dizeli chafu yanahusu hapa pia, ila gharama ni kubwa zaidi: silinda nne badala ya tatu, oili nyingi zaidi kila unapobadilisha. Angalia sana gasketi ya silinda hedi. Injini hii hutumiwa kwa kazi nzito, na dereva anayeendelea kulima wakati rejeta imezibwa na mbegu za nyasi huiunguza hedi bila kujua.

*Klachi, haidroliki na pitio.* Mpangilio ni wa Massey ule ule: pampu ndani ya oili ya nyuma. Kwa sababu linanyanyua plau zito zaidi, pampu na silinda ya kunyanyulia huchakaa mapema pale oili inapoachwa bila kubadilishwa. Mengi yanayouzwa yana tatizo la kunyanyua yakishapata joto, na muuzaji anajua, ndiyo maana atakuonyesha asubuhi. Yenye Multi-Power yana tabia ile ile kwenye mteremko, na kwa uzito huu ni hatari zaidi.

*Breki.* Ni za diski zinazofanya kazi ndani ya oili, hazihangaishwi na vumbi wala matope. Zikilia au kushika kwa kurukaruka, diski zimekwisha au oili iliyowekwa si yake.

*Spea na dizeli.* Spea zipo kwa wingi, ingawa si kila duka la wilayani litakuwa na za nyuma. Za injini ndizo rahisi. Dizeli kwa kazi ya wastani ni lita 8 hadi 11 kwa saa, na kwenye plau zito inapanda zaidi. Usishtuke peke yake kwa namba hiyo: kwa siku moja linamaliza eneo ambalo 135 litahitaji mbili.

*Linamfaa nani.* Mwenye ekari 20 na kuendelea, au mwenye ekari chache anayetaka kulimia majirani kwa malipo baada ya kumaliza lake.

Ford 6600

*Uzito na nguvu.* Lilitengenezwa kati ya 1975 na 1981, Basildon huko Uingereza likiwa moja ya makwao. Injini ya silinda 4, lita 4.2, nguvu za farasi 77 hivi. Kwa uzito na mvuto linakaa bega kwa bega na 290: plau la diski 3, slasha ya futi 6. Madereva wengi hupenda namna injini yake inavyoshikilia mwendo plau likizama, na hilo ni kweli.

*Injini.* Hapa ndipo mnunuzi wa Ford anapaswa kutulia, kwa sababu uamuzi wote uko hapa. Bloku ya Ford hii haina slivu kutoka kiwandani. Pistoni inatembea kwenye chuma cha bloku chenyewe. Upande wa pili wa chuma hicho kuna maji ya rejeta. Injini inapotetemeka, vipovu vidogo sana hutengenezwa na kupasuka kwenye ukuta wa silinda upande wa maji, vikiutoboa polepole kama mchwa kwenye nguzo. Maji ya mtoni yasiyo na dawa ya rejeta huharakisha kazi hiyo. Mwisho wake ni tundu la ukubwa wa kichwa cha pini, na maji yanaingia kwenye silinda au kwenye oili.

Namna ya kulipima: omba trekta lilale usiku kucha bila kuwashwa. Asubuhi, kabla ya kuwasha, weka sahani chini ya karta ya oili na legeza boliti ya kumwagia, usiitoe yote. Maji ni mazito kuliko oili, hukaa chini kabisa. Likitoka tone la maji kabla ya oili, usiendelee na mazungumzo ya bei kama injini ni nzima. Kisha funga, fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi, washa, na tazama. Vipovu vinavyopanda mfululizo kama uji unaoanza kuchemka ni hewa ya silinda inayoingia kwenye maji.

Bloku iliyotoboka haiendi lazima kwenye vyuma chakavu. Fundi wa mashine za kuchonga anaweza kuipanua na kuitia slivu zote nne. Ford iliyokwishatiwa slivu na mtu anayejua kazi, na inayotumia maji yenye dawa ya rejeta, ni trekta zuri kuliko ambalo halijaguswa. Muulize muuzaji risiti ya kazi hiyo na jina la karakana.

Pampu ya dizeli kwenye mengi ni ya Simms, ya mstari, yenye oili yake yenyewe na boliti ya kupimia. Inavumilia dizeli mbaya kidogo kuliko CAV. Lakini watu husahau kabisa kwamba ina oili. Fungua boliti hiyo: ikitoka nyembamba na inanuka dizeli, imeshaanza kuvuja ndani.

*Klachi, haidroliki na pitio.* Hii ndiyo sifa kubwa ya Ford kwa kazi ya pori. Pampu ya haidroliki haisimami unapokanyaga klachi, na pitio lina klachi yake inayoshikwa na haidroliki. Unakanyaga klachi, trekta linasimama, plau linaendelea kupanda na slasha inaendelea kuzunguka. Ukiwa umenasa kwenye vichaka, unalisikia jambo hili kwenye mkono. Upande wa pili, klachi ya pitio ikichoka slasha hupungua kasi inapokutana na kichaka huku injini ikiunguruma vile vile, na si kila fundi wa mtaani anaijua.

*Breki.* Za diski ndani ya oili, kama 290.

*Spea na dizeli.* Za injini zinapatikana, hasa mijini, kwa kuwa familia hii ya injini iliendelea kwenye 6610 iliyofuata. Za haidroliki na klachi ya pitio zinaweza kukulazimu kuagiza Dar es Salaam, Arusha au Nairobi na kusubiri. Matumizi ya dizeli ni sawa na ya 290.

*Linamfaa nani.* Mwenye kazi nyingi ya slasha, aliye karibu na mji wenye fundi wa Ford, na mwenye subira ya kutafuta iliyokwishatengenezwa bloku.

Siku ya kwenda kukagua

Nenda na fundi wako, si wa dalali. Fika bila kutoa taarifa ya saa kamili, na ukifika gusa injini kwanza. Ikiwa ya moto, imewashwa kabla yako ili ukakamavu wa asubuhi usiuone. Rudi kesho yake.

Chomoa kijiti cha oili ya gia boksi. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji, mara nyingi kupitia ngozi iliyochanika kwenye mkono wa gia au trekta kulala kwenye mvua miaka. Washa utazame moshi. Mweusi unaoendelea ni dizeli nyingi au chujio la hewa limeziba. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma injini ikipata joto ni mbano mdogo, pampu isiyopangwa vizuri au maji. Fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inazunguka taratibu na uweke kiganja juu. Pumzi ndogo ni kawaida. Ikisukuma kiganja kwa mapigo, ringi na silinda zimekwisha.

Kipimo cha haidroliki kifanyike mara mbili. Fungia plau zito, nyanyua juu kabisa, zima injini, weka alama kwa chaki kwenye mkono wa kunyanyulia na uangalie saa. Kushuka kidogo ndani ya dakika 10 kunavumilika. Kuanguka ndani ya dakika moja ni ringi za silinda ya kunyanyulia au vali. Kisha lima nusu saa na urudie, maana oili ya baridi ni nzito na huficha pampu iliyochoka. Wanaoruka hatua hii hujutia pesa nyingi.

Usimwamini mita ya saa. Waya wake hukatika na hubadilishwa. Soma badala yake pedali zilizolika, tundu la mhimili wa kuvutia lililokuwa duara na sasa ni yai, na magurudumu ya mbele yanayocheza kwa kingpini iliyochoka. Malizia na kadi: namba ya injini na ya chesisi zisomeke kwenye chuma na zilingane na kadi ya usajili wa TRA. Namba iliyosagwa kwa grainda haina maelezo ya kutosha.

Kabla halijaingia porini

Lolote utakalochagua, lipe silaha kwanza. Bamba la chuma la milimita 6 chini ya karta na gia boksi. Wavu mbele ya rejeta, unaotoka bila spana ili dereva auondoe na kupangusa mbegu kila baada ya saa moja au mbili. Ekzosti iende juu, kwani inayotoka kwa pembeni chini huwasha nyasi kavu. Vali za tairi ziwekewe kinga, vinginevyo shina moja linalochomoza litazing'oa na maji yote yatamwagika. Chujio la hewa la oili lioshwe kila siku wakati wa vumbi.

Plau liwe la diski. La ulimi hunasa kwenye mzizi na kuvunja pini. Diski hupanda juu ya kisiki na kuteremka upande wa pili. Slasha iwe na pini ya kukatika au klachi ya kuteleza, na usiweke boliti ngumu mahali pa pini ile ati haikatiki. Inakatika kusudi gia isife.

Na kwenye kung'oa visiki, jambo moja lisijadiliwe: mnyororo ufungwe kwenye mhimili wa kuvutia ulio chini ya ekseli ya nyuma, ulioshikwa imara. Usifunge kamwe kwenye mkono wa juu wa plau wala kwenye ekseli yenyewe. Kisiki kikikataa, nguvu ya tairi huinua pua ya trekta, na linapinduka nyuma likimwangukia dereva chini ya sekunde 2, muda usiotosha kufikia klachi. Mengi ya matrekta haya, 135 hasa, hayana nguzo za kumlinda. Tumia gia ya chini kabisa, bila kujirusha, na watu wengine wakae mbali kuliko urefu wa mnyororo. Udongo ukiwa na unyevu wa mvua za kwanza, kisiki kinatoka kwa nusu ya taabu.

Uchague kwa hali yako

Kama shamba ni ekari zisizozidi 15, nyasi na vichaka, na fundi pekee aliye karibu ni yule wa kijijini, chukua 135 lenye klachi nzuri, ujaze maji tairi, na ukubali kwenda polepole. Fedha inayobaki ikodie katapila kwa vile visiki vikubwa.

Kama ni ekari 20 hadi 50, na trekta litafanya kazi miaka inayofuata kwa kulima na kuvuta tela, 290 ndilo lenye uwiano mzuri wa nguvu na spea, mradi kipimo cha haidroliki ya moto kimepita.

Kama kazi kubwa ni kufyeka, kwa mfano malisho ya ng'ombe yanayovamiwa na vichaka kila mwaka, Ford 6600 yenye bloku iliyotiwa slivu itakupa raha kuliko zote. Bila uthibitisho wa bloku, chukua 290.

Kama shamba ni la mteremko mkali, usiweke nguvu ya injini mbele. Tafuta lenye breki zilizothibitika na lisilo na Multi-Power, hata likiwa dogo, na panua matairi ya nyuma kwa kugeuza rimu ili lisimame kwa upana.

Kama unaona matrekta mawili, moja zuri injini na bovu nyuma, jingine bovu injini na zuri nyuma, bei ikiwa sawa chukua la pili. Injini unaweza kuishusha chini ya mwembe na kuitengeneza ndani ya wiki. Gia boksi na haidroliki zikikataa katikati ya msimu, mvua inapita ukiwa unasubiri spea.

Na kama pori ni ekari tatu au nne tu, usinunue. Kodi trekta la jirani kwa siku, ulipie slasha na plau, na vibarua wamalizie kingo kwa panga.